"Dada, Tunaanzia Wapi?"

Mwalimu, hujambo?

Nimekuwa nikisoma unavyowajibu watu wa kamera za harusi na wale wanaojifunza kuhariri, nikawa najiambia zamu yangu itafika. Imefika, tena kwa aibu.

Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Nyalenda hapa Kisumu, nafanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa. Mwaka mzima nimedunduliza pesa za kupiga filamu yangu ya kwanza, fupi tu, dakika 12. Inamhusu Atieno, muuza samaki ambaye kakake, Ouma, anaiuza boti ya marehemu baba yao bila kumwambia. Skripti niliandika mwenyewe, kurasa 12, maonyesho tisa. Kila niliyemsomea alilia au alinyamaza kimya. Nikilala naiona yote, Mwalimu. Naiona kabisa, kama iko kwenye skrini.

Siku ya kwanza tulikwenda ufuo wa Dunga, watu tisa. Kamera ya kukodi shilingi 5,000, ukiongeza boda, chai na chakula ikawa 14,000. Mpiga kamera akafungua tripodi, akanigeukia: "Dada, tunaanzia wapi?" Nikawa kama mtoto aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Nikamwambia aweke popote tuone. Akaweka. Nikamwambia asogee kushoto kidogo. Kisha arudi. Kisha ashuke. Onyesho moja la boti tulilipiga mara 23 kutoka kila pembe, nikitumaini mojawapo itakuwa ile ninayoiona nikilala. Saa sita jua likawa utosini, macho ya waigizaji yakawa mashimo meusi. Saa nane upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani, kijana wa sauti akavua vifaa vyake masikioni akasema hasikii mtu, anasikia upepo tu. Shangazi yangu, anayeigiza mama, alikuwa ameketi juu ya jiwe tangu saa moja asubuhi. Saa tano akaondoka, akasema kina mama wa kanisa wanamngoja. Hatukuwa tumempiga hata shoti moja, yaani hata kipande kimoja cha picha. Saa kumi mvua. Tulikuwa tumepanga maonyesho manne, tukamaliza moja na nusu.

Uchungu zaidi ulinipata wakati wa kuhariri. Atieno na Ouma wanagombana uso kwa uso, lakini kwenye kompyuta wote wawili wanatazama kushoto, kama watu wanaomgombeza mtu wa tatu ambaye hayupo.

Mpiga kamera aliwaambia wenzake, nami nikisikia, "Huyu hana picha kichwani." Kakangu anasema dawa ni kuchora storibodi, kila shoti na mchoro wake, kabla ya kutoka nyumbani. Lakini mimi kuchora sijui. Nikichora mtu anafanana na mwiko. Mpiga kamera naye, ambaye ana miaka minane katika kazi hii, anasema michoro ni ya wazungu wenye pesa, mwongozaji wa kweli akifika mahali anahisi tu. Nimebakiwa na shilingi 30,000 na wikendi moja ya Agosti, Jumamosi na Jumapili. Je, picha ninayo au sina? Nitajifunzaje kuiona kabla sijafika? Na wale watu nitawatazamaje usoni?

Mwenye Karatasi Tupu,
Nyalenda, Kisumu

*

Binti yangu,

Mpiga kamera wako alitoa neno la ukali mbele za watu, na hapo alikosa adabu. Lakini kabla hatujalitupa neno lenyewe, hebu tulipime kidogo.

Fumba macho uitazame boti ya baba yake Atieno. Umeiona? Sasa nijibu haraka. Kamera iko juu kuliko kichwa cha Atieno, au iko sawa na kiuno chake? Nyuma yake kuna maji au kuna vibanda vya samaki? Ukingo wa kushoto wa picha unakata nini: mkono wa Ouma, mlingoti, au hakuna kitu? Na picha inayofuata hiyo ni ipi?

Nadhani umekwama kwenye swali la kwanza au la pili, na usione haya, karibu kila anayeanza hukwama hapo. Unachokiona ukilala ni uchungu wa Atieno, na hicho ndicho kilichowaliza waliokusikiliza. Ni mali kubwa. Kuna watu wenye kamera za laki tano ambao hawana hata chembe yake. Ila uchungu hauna ukingo, na picha ina kingo nne. Kazi ya kuuingiza ule uchungu ndani ya kingo nne, kisha ndani ya nyingine, kisha nyingine, ndiyo hukuifanya nyumbani, ukaja kuifanya Dunga huku watu tisa wanakutazama na kamera inahesabu pesa. Hakuna anayeweza kufikiri vizuri hivyo. Mimi siwezi, na nimeanza kushika kamera kabla hujazaliwa.

Basi tulichukue onyesho lako la boti tulifanye pamoja, kwa kuwa maelezo ya jumla hayatakusaidia.

Kwa jinsi ulivyoniandikia, nadhani kwenye skripti limekaa hivi: Atieno anafika ufuoni asubuhi, anakuta boti imeuzwa, anamwona Ouma, wanagombana. Mtu wa kawaida akisoma hapo anauliza kamera iwekwe wapi. Swali hilo bado. La kwanza ni hili: mtazamaji ajue lini kwamba boti imeuzwa? Ajue kabla ya Atieno, au ajue pamoja naye?

Akijua pamoja naye, unakaa na Atieno. Unamfuata kwa mgongo akishuka njia, unamwona akisimama, beseni likiteleza, na hatujui kaona nini hadi ugeuze kamera. Tunashtuka naye. Akijua kabla yake, mambo ni mengine kabisa: tunaona kwanza fundi akipaka rangi juu ya jina la boti, halafu kwa mbali tunamwona Atieno akija, beseni kichwani, akiwasalimu watu, hana habari. Hapo hatushtuki. Tunaumia, tunatamani kumzuia asifike. Maneno ya skripti hayajabadilika hata moja, lakini hizo ni filamu mbili. Kuchagua kati ya hizo mbili ndiko kuongoza filamu, na unaweza kuchagua ukiwa umeketi kibandani kwako unangoja mteja wa kutoa pesa.

Mimi ningechagua la pili. Wewe una haki ya kunikatalia, filamu ni yako. Lakini tuseme tumechagua hilo, na boti ina jina ATIENO ubavuni, baba aliipa jina la bintiye. Sasa picha zinaanza kuja zenyewe.

Ya kwanza, karibu kabisa: brashi, rangi nyeupe, mbao za buluu. Fundi anafuta kuanzia mwisho wa jina, imebaki ATIE. Hatuoni uso wa mtu yeyote. Ya pili, kamera imesimama kando ya boti, bega la fundi linakata ukingo wa kushoto, na mbali kule Atieno ni mdogo kama kidole, anakuja. Usimkatize. Mwache aje, aje, mpaka asimame mwenyewe. Ya tatu, Ouma ameketi juu ya kreti, anamwona, halafu anaangalia ndala zake. Ya nne, uso wa Atieno kwa karibu, mkono mmoja bado umeshika beseni. Ya tano, boti tena: imebaki A peke yake.

Shoti tano. Wewe ulipiga 23 na hukuipata, kwa sababu hukuwa umeamua unatafuta nini.

Angalia na jambo lingine hapo. Uso wa Atieno kwa karibu nimeuweka mara moja tu, kwenye ya nne. Ukimwonyesha karibu tangu anaposhuka njiani, ile ya nne itakuwa imekwisha nguvu kabla haijafika. Picha ya karibu ni kama noti ya elfu, ukishaivunja imekwenda. Na pia, ukishakuwa na hizo tano, soma tena ule ugomvi wa Atieno na Ouma. Nina hakika nusu ya maneno hayahitajiki tena. Ouma aliyeangalia ndala zake ameshakiri.

Kupanga kutakuokoa na jingine ambalo huenda bado hujalifikiria. Jina likishafutwa, limefutwa. Mwigizaji akikosea, mtarudia vipi? Na mwenye boti ya watu atasema nini? Kwa hiyo shoti ya kwanza na ya tano usizipigie Dunga kabisa. Tafuta kipande cha ubao cha futi tatu, kipake buluu ileile, andika jina, kipigie nyuma ya nyumba Nyalenda siku yoyote, urudie mara kumi. Hakuna atakayejua. Kwenye shoti ya pili boti halisi utaiona kwa pembeni, herufi hazisomeki. Mambo kama haya hayaji ukiwa ufuoni umezungukwa na watu. Huja ukiwa na kalamu na chai.

Sasa michoro. Mpiga kamera wako anasema ni ya wazungu wenye pesa. Mwulize kama amewahi kusikia habari za Satyajit Ray wa Kolkata, India. Alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo, na filamu yake ya kwanza, iliyotoka 1955, aliianza bila skripti kamili: alikuwa na daftari la michoro ya wino, picha kwa picha. Pesa hakuwa nazo. Mkewe alitoa vito vyake vikawekwa rehani. Mpiga kamera wake hakuwa amewahi kushika kamera ya filamu hata siku moja. Na Akira Kurosawa wa Japani, aliyetaka kuwa mchoraji ujanani, alipokosa mfadhili wa filamu yake iliyokuja kutoka 1980, aliketi akaichora kwa rangi, onyesho kwa onyesho, akingoja. Hao wote si wazungu, na wote wawili walichora wakati pesa haikuwepo. Mwenye pesa ndiye anayeweza kwenda kuhisi papo hapo.

Lakini hao walikuwa wachoraji, utasema, na wewe una miko. Miko inatosha! Chora kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, mwiko mmoja mkubwa ukikatwa na ukingo, mwiko mmoja mdogo kule nyuma, mshale wa kuonyesha anakoelekea. Mchoro ule ni wa kukumbusha, si wa kutundikwa ukutani. Na kama hata hiyo inakuchosha, simu yako ina kamera. Chukua wadogo zako wawili, mwende Dunga asubuhi saa ileile utakayopigia filamu, mmoja awe Atieno, mwingine Ouma, na kiti cha plastiki kiwe boti. Piga picha za kawaida, tano. Ukirudi, zipitishe moja baada ya nyingine kwenye simu bila kusema neno, umwonyeshe mtu ambaye hajasoma skripti. Mwulize, "Nini kimetokea?" Akisema mtu anauza kiti, kuna shoti haijaeleweka, na umegundua kwa gharama ya nauli tu.

Picha za simu zitakuonyesha pia kitu ambacho mchoro hauwezi kukuonyesha, yaani jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na iko magharibi mwa nchi ilhali saa yetu ni ya Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo jua la kwenu hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo, wala si saa sita. Kuanzia saa tano hadi saa tisa nje ni wakati wa kupiga vichwa vya nywele, nyuso hakuna. Asubuhi jua linachomoza upande wa nchi kavu, jioni linazama upande wa ziwa. Mtu yuleyule akisimama palepale ana sura mbili kwa siku moja. Upepo uliowaharibia sauti nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Wavuvi wanaujua upepo huo kama wewe unavyoijua PIN yako. Na kama kwenye skripti una taa za wavuvi wa omena usiku, tazama mwezi kabla ya kutaja tarehe: omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana huenda ukakuta ziwa tupu.

Tukitoka hapo, hesabu inajifanya yenyewe. Kikundi kidogo kama chenu, kuhamisha kamera, kujaribu, kupiga mara tatu nne, hula dakika 25 kila shoti. Nimewapima watu wengi kwa saa ya mkononi, huwa hivyo. Nje asubuhi kuanzia saa moja hadi saa nne unapata shoti saba, na hapo uweke maonyesho yote ya maneno. Mchana ingieni ndani, yale maonyesho ya nyumbani, saba tena ukitoa muda wa kula. Jioni saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu unapata sita, zisizo na maneno, kama mvua itawahurumia. Ishirini kwa siku, arobaini kwa wikendi. Maonyesho ni tisa. Kwa hiyo kila onyesho lina shoti nne, mengine tano, mengine mbili. Likikataa kuingia humo, kata onyesho, usiongeze mbio.

Ule ugonjwa wa wote kutazama kushoto una dawa rahisi mno kiasi kwamba utakasirika. Chukua vizibo viwili vya soda, viweke mezani, kimoja Atieno, kingine Ouma. Kila kimoja kitie alama ya pua kwa kalamu. Nyoosha uzi kutoka pua hadi pua, uupitishe hadi mwisho wa meza. Kizibo cha tatu ni kamera. Kikae upande mmoja wa uzi, na kisivuke. Ukiwa upande huo, Atieno daima atatazama kulia na Ouma kushoto, hata ukisogea karibu, hata ukirudi nyuma. Ukivuka uzi, wanageuka. Wewe siku ile ulikuwa unazunguka boti kama mtu anayetafuta choo, ukauvuka uzi mara nyingi. Na sheria hiyo inagusa safari pia: Atieno akitoka nyumbani kwa bodaboda akielekea kulia, na shoti inayofuata anaelekea kushoto, mtazamaji ataona amesahau kitu amerudi.

Vizibo hivyo usivitupe. Kila onyesho lifanyie ramani ya meza, mtu anaanzia wapi na anaishia wapi, na kwa nini anasogea. Ouma ananyanyuka kwenye kreti lini? Akinyanyuka mapema amekuwa jasiri, akibaki ameketi hadi mwisho amekuwa mwoga. Halafu waite waigizaji nyumbani jioni moja, pima boti kwa hatua, ichore sakafuni kwa chaki, mfanye mazoezi kwa chai na mandazi. Ni saa mbili na shilingi 400. Ungelifanya hivyo mwanzo, zile 14,000 zingezaa kitu.

Usidhani nakuhukumu. Miaka ya nyuma nilipiga igizo la nusu saa katika mtaa wa London, huu wetu wa Nakuru, chini ya Menengai. Nilikuwa kijana wa harusi, najua kubonyeza, najiona nimefika. Tulimaliza, tukala nyama, tukaagana. Nilipokaa kuhariri nikagundua mgeni anabisha geti, halafu yumo sebuleni. Geti halikufunguliwa! Sikuwa na shoti ya geti kufunguliwa kwa sababu sikuwa nimeandika popote kwamba naihitaji; niliiona kichwani wazi kabisa, nikadhani nimeipiga. Wiki iliyofuata nikarudi na waigizaji. Mwenye nyumba alikuwa amepaka geti rangi. Lilikuwa jeusi, sasa ni jekundu kama lori la soda. Nilifariji moyo baadaye niliposoma kwamba Ray naye alipiga siku moja katika shamba la majani marefu yenye maua meupe, akarudi Jumapili iliyofuata kumalizia, akakuta ng'ombe wamekula maua yote. Ilibidi angoje msimu wa mwaka uliofuata. Mimi nilingoja rangi ipauke, haikupauka, nikamkata mgeni kwenye hadithi.

Tangu hapo nina orodha. Kila onyesho nalitembelea kwa vidole: mtu anaingiaje, anatokaje, anashika nini, kile kitu kinafikaje mkononi. Baada ya orodha nakaa mahali pa kimya naitazama filamu nzima kichwani kwa mwendo wake halisi, saa ya simu ikihesabu, nikitamka sauti: mlango, kimya, hatua, kimya. Onyesho la ukurasa mmoja likinichukua dakika tatu najua kuna mahali nimelala. Jaribu hili kwenye matatu ukielekea Kondele. Ukirukia mahali, yaani ukajikuta uko onyesho la sita na hukumbuki la tano lilivyopita, la tano bado hulioni. Lirudie hilo.

Utaniuliza, basi kuhisi hakuna? Kupo. Siku ya kupiga kongoti mmoja wa Dunga anaweza kutua kwenye pua ya boti wakati Atieno anasimama, akatandaza mbawa zake mbaya zile. Ukiwa na karatasi yenye shoti tano, unajua papo hapo kama kongoti anafaa kwenye ya pili au anaharibu ya nne, na unampiga au unamfukuza. Asiye na karatasi humpiga kongoti nusu saa, akarudi nyumbani na filamu ya ndege. Mpiga kamera wako ana miaka minane, naye anahisi kweli, kwa kuwa picha elfu za nyuma ziko mikononi mwake tayari. Akisema "mimi nahisi" anakumbuka bila kujua. Wewe huna cha kukumbuka bado, kwa hiyo andika.

Na yeye usimkwepe. Siku tatu kabla ya wikendi mtafute, mnunulie soda, mpe karatasi zako za miko na picha za simu. Mwambie, "Kaka, hizi ndizo shoti zangu arobaini, niambie zipi haziwezekani." Usimwombe akubaliane nawe, mwombe atafute makosa. Atayapata mawili matatu, na yatakuwa makosa kweli, uyarekebishe mbele yake. Mtu uliyemtuma kutafuta makosa kwenye mpango wako huutetea mpango huo siku ya kazi kuliko wewe mwenyewe. Kijana wa sauti mpe orodha ya maonyesho ya maneno tu. Waigizaji wape saa zao, kila mmoja saa yake, wasije wote saa moja kukaa juu ya mawe.

Mambo ya ruhusa nitayapitia upesi. Habari za leseni ya kupiga filamu ziulize kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, kabla ya kupiga. Pale ufuoni kuna kamati inayosimamia, ile ya BMU. Nenda uongee na mwenyekiti, umweleze siku na saa, na boti gani. Wakikujua watawazuia hata watoto wasisimame nyuma ya Atieno wakipunga mikono.

Kompyuta na programu za kuchorea storibodi usinunue. Ile 30,000 iache kwenye kamera, chakula na nauli.

Jumamosi hii usipeleke mtu yeyote. Nenda Dunga peke yako, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama pale utakapoweka kamera ya shoti ya pili, ungoje mwanamke yeyote mwenye beseni ashuke njia ile. Hesabu sekunde tangu anapotokea hadi anapofika kwenye boti. Zikizidi 40, njia ni ndefu mno, Atieno wako atalazimika kutokea karibu zaidi, labda pale penye kibanda. Andika mahali hapo.

Na ikifika wikendi yenu ya Agosti, shangazi yako mwekee shoti ya kwanza kabisa ya Jumamosi, saa moja kamili. Saa nne awe ameshalipwa nauli, yuko njiani kwenda kwa kina mama wake wa kanisa.

Mwalimu,
Nakuru